Kiapo cha Mama Nesta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Ferista alikuwa ameshafungua magunia mawili ya mchele wa Kamsamba na hajauza hata sado moja. Alimwaga kidogo kwenye ungo ili wapitaji wauone weupe wake, akachomeka kibao cha bei katikati ya rundo, kisha akakichomoa. Bei ya jana haikuwa ya leo. Mvua ilikuwa imeharibu tena barabara ya bondeni, na wenye malori walipandisha nauli ya mzigo kabla hata matope hayajakauka. Akafuta kibao kwa kidole chenye mate, akaandika upya kwa chaki.

"Leo unauza au unasafiri?" aliuliza Eva, muuza dagaa wa meza ya jirani.

"Nasafiri. Naenda Vwawa kuapa. Niangalizie mpaka jioni."

"Ile kesi?"

"Ile kesi."

Eva alisogeza stuli yake katikati ya meza mbili, asiulize zaidi. Soko zima lilikuwa limeshasema ya kwake kuhusu ile kesi. Wengine walisema Ferista anatafuta pesa za Wazungu. Wengine walisema mama mwenye akili hampi mtoto simu. Maneno ya kwanza yalimpita, lakini ya pili yalimkaa kooni, kwa kuwa simu ni yeye aliyeinunua.

Nesta alitokea kati ya mabanda ya viazi, magongo mawili kwapani, sketi ya shule ikipepea mahali ambapo mguu wa kushoto ungekuwa. Alikuwa na miaka kumi na minne sasa. Wakili wao alikuwa amesema mtoto si lazima aende, lakini Nesta alikataa kubaki. Nywila ya akaunti alikuwa nayo yeye, na ushahidi ulikuwa ndani ya akaunti.

"Umekunywa chai?" mama yake alimuuliza.

"Nimekunywa."

"Ya kweli au ya kunijibu?"

"Ya kukujibu." Wakacheka kidogo, Ferista akamnunulia maandazi mawili, wakaondoka.

Mwaka uliopita Nesta alikuwa na mshumaa. Ndivyo ulivyoitwa kwenye Pepea, programu ya video iliyowaenea watoto wa Tunduma kama ugonjwa wa macho mekundu. Watu wawili wakitumiana video kila siku, mshumaa unawaka kati yao na chini yake namba inapanda: siku ya kumi, siku ya hamsini, siku ya mia. Mkiruka siku moja unazimika, na mnaanza sifuri. Nesta na rafiki yake Ruti walikuwa wamefika siku ya mia mbili na kumi na tatu. Likizo ya Pasaka ilipofika, Ferista alimpeleka binti yake kwa bibi yake Kamsamba, akidhani anampeleka mbali na hayo mambo.

Kwa bibi, mtandao ulikuja na kuondoka kama homa. Ulitosha kuleta arifa, haukutosha kutuma video. Siku hiyo, toka asubuhi mpaka saa tisa, simu ilileta arifa kumi na moja. Mshumaa wenu unafifia. Zimebaki saa tano. Ruti anakusubiri. Ruti analia. Usimwache Ruti gizani. Ruti hakuwa analia. Alikuwa kanisani Tunduma kwenye mazoezi ya kwaya. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kichuguu kikubwa ambako wachungaji wa ng'ombe walipanda kupiga simu. Nesta aliifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, akauning'iniza shingoni, akaingia majini. Mto Momba ulikuwa umefurika. Maji yalimbeba yakambamiza kwenye gogo, na walipomtoa, mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Barabara ilikuwa imekatika. Zilipita siku tatu kabla hajafika hospitali, na madaktari wakaukata juu ya goti. Simu ilitoka mtoni nzima.

Baadaye serikali ilitoa kanuni mpya za kuyabana majukwaa kama hayo kuhusu watoto: pasiwe na mishumaa ya kuwafunga, pasiwe na arifa za kuwatisha, pasiwe na video zinazojifungulia zenyewe bila mwisho. Kabla kanuni hazijaanza kazi, kampuni ya Pepea ilikimbilia mahakamani Dar es Salaam kuzizuia. Goodness, wakili kijana wa kituo cha msaada wa sheria Mbeya, alikuwa amemsomea Ferista sentensi moja kutoka kwenye hati za kampuni hiyo: "Hakuna mtoto hata mmoja nchini aliyethibitishwa kudhuriwa na muundo wa jukwaa hili."

"Rudia," Ferista alisema.

Goodness akarudia.

"Basi mimi ninaye mmoja."

Jaji alikuwa ameruhusu viapo vya wazazi viingizwe mpaka siku hii ya safari, saa tisa na nusu alasiri. Wazazi wengine wawili waliokuwa wameahidi kuapa walijitoa wiki moja kabla, bila kueleza. Alibaki Ferista. Kilichokosekana ni karatasi moja ya kuthibitisha umri wa Nesta, kwa maana Pepea walishasema akaunti ile ilifunguliwa na mtu wa miaka ishirini na mmoja. Na kweli ndivyo ilivyoandikwa. Nesta aliburuta miaka kwa kidole mpaka programu ikakubali kufunguka, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye wa kutoa karatasi hiyo, aliitwa Hezron. Ofisi yake ilitakiwa kufunguliwa saa moja na nusu. Aliifungua saa mbili na robo, akapangusa kiti chake kwa gazeti, akakaa, akaisoma barua ambayo Ferista aliiandaa ili yeye aweke sahihi tu.

"Baba ni Efraimu Simwinga," alisema. "Mtoto umeandika Nesta Namwinga. Nani kakosea, wewe au baba?"

"Hajakosea mtu, mtendaji. Kwa Wanyamwanga mwanamume ni Simwinga, binti ni Namwinga. Ukoo ni uleule."

"Mimi ni mgeni huku, sijui Kinyamwanga. Mfumo unataka jina la baba."

"Mfumo upi? Hapa unaweka sahihi kwa kalamu."

Hezron aliinua macho, akayateremsha tena. "Huyo baba yuko wapi?"

"Ni dereva. Yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, kwenye foleni, siku ya sita leo."

"Na mtoto kazaliwa wapi?"

Ferista alijua swali hilo litakuja. "Nakonde."

Mtendaji aliilaza kalamu mezani. "Zambia."

"Ni hapo tu. Nilivuka kununua sukari, uchungu ukanikuta."

"Hapo tu ni nchi nyingine, mama. Halafu nasikia hii barua ni ya kesi na kampuni kubwa. Kesho wakiniuliza nilitoa kwa mamlaka gani, nitasema nini? Njoo Jumatatu, nitakuwa nimewauliza wakubwa."

"Mwisho ni leo."

"Basi ndiyo hivyo."

Nesta alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu benchi lilikuwa fupi mno kwa magongo yake. "Mtendaji," alisema, "mwaka huu Januari ulinisainia fomu ya kidato cha kwanza. Niliitwa Namwinga hivihivi."

"Ile ilikuwa fomu ya shule."

Ferista alichukua karatasi yake, akaikunja. Aliaga kwa adabu, akamshukuru kwa muda wake, kwa sababu ipo siku atamhitaji tena yule mtu kwa kibali au kwa barua nyingine. Adabu hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kukataliwa.

Nje alimpigia Goodness. Wakili akauliza, "Kadi ya kliniki?"

"Panya walishaila."

"Kitu chochote chenye tarehe, mama Nesta. Kilichoandikwa kabla hata Pepea haijazaliwa. Alibatizwa?"

Ferista alisimama katikati ya vumbi la malori. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mbozi, binti wa wakulima wa kahawa, na watoto wa kwao wote walibatizwa mahali pamoja. "Mbozi Mission," alisema. "Kuna kitabu."

Foleni ya malori ilikuwa imeanza mpakani ikapanda kilima mpaka macho yalipokoma. Madereva walikuwa wameshusha majiko, wanachemsha chai kwenye kivuli cha matairi. Noah ya abiria ya kwenda Vwawa ilipita pembeni yao, gurudumu moja juu ya lami na jingine kwenye udongo. Ferista alishika magongo ya binti yake magotini, akawa anahesabu saa kichwani. Vwawa saa nne. Bajaji ya kwenda misheni, saa nne na nusu. Ikibidi kusubiri, saa tano.

Walifika saa tano kasoro. Mashamba ya kahawa pande zote za njia yalikuwa na punje mbichi, mvua imeyaosha. Ofisi ya kanisa ilikuwa wazi, na ndani alikuwamo Mama Tulinagwe, mwalimu mstaafu aliyetunza vitabu vya usharika. Miaka mingi iliyopita ndiye aliyemfundisha Ferista kusoma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Ferista. Huyu ndiye Nesta?" Mwalimu aliutazama mguu, hakujifanya hajauona. "Njoo ukae, bibi. Mtu hasimami kwa magongo mbele yangu."

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akashusha kutoka kabatini kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa, akalowesha kidole, akapekua. Ukurasa ulipofika, alisoma kwa sauti ya darasani: "Nesta Namwinga. Binti wa Efraimu Simwinga na Ferista. Kazaliwa Nakonde." Akasoma tarehe, mwezi na mwaka.

Ferista alivuta kiti, akakaa. "Tuandikie cheti, mwalimu."

"Cheti nitaandika. Muhuri sina. Muhuri uko kwenye droo, funguo ziko mfukoni mwa mchungaji, na mchungaji yuko Mbebe kwenye mazishi. Anarudi kesho." Alijaribu simu mara tatu. Kila mara yule mwanamke wa kwenye simu alisema namba haipatikani.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila pigo la shoka Ferista alilisikia kama dakika inayoondoka. Akasema karatasi isiyo na muhuri wataitupa. Akasema wale watu wana mawakili saba, Goodness alimwambia, saba, na kila mmoja kazi yake ni kutafuta kilichopungua.

Mama Tulinagwe alikifunga kitabu. Alikaa kidogo mikono juu ya jalada, halafu akasimama, akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakifungia kile kitabu ndani kama mtu anayemfunga mtoto mchanga.

"Mwalimu, unakipeleka wapi?"

"Nakipeleka Vwawa, kwa huyo kamishna wa viapo uliyenitajia. Kitabu hiki hakijatoka hapa tangu nikabidhiwe. Kikipotea nitajibu mimi kwa baraza la wazee. Twende."

Wakapanda bajaji watatu, mwalimu katikati na kitabu mapajani.

Kasiani, wakili wa Vwawa aliyekuwa kamishna wa viapo, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la kuchapisha karatasi. Alikagua ukurasa wa kitabu kwa miwani na bila miwani. Alipofika kwenye majina hakuuliza lolote. Yeye mwenyewe mkewe alikuwa Mnyamwanga. Akasema atatoa nakala ya ukurasa, aithibitishe kwa muhuri wake kuwa ameiona asilia, na mwalimu aandike kiapo kifupi kuwa ndiye mtunzaji. "Itasimama," alisema. "Sasa nipeni hizo arifa."

Hapo zamu ikawa ya Nesta. Kwenye duka la mbele alikaa na simu ileile iliyotoka mtoni, akaandika nywila. Alikuwa hajaifungua Pepea kwa miezi kumi na moja. Ilifunguka kwa wimbo mfupi, na kabla hajagusa chochote, kioo kikajaa manjano. Nesta, tumekukumbuka! Rafiki zako 38 wanawasha mishumaa leo. Washa wako. Pale chini kulikuwa na utambi mdogo unaocheza, unangoja kidole.

Ferista alikuwa nyuma yake. Aliona dole gumba la binti yake likiinuka na kusimama hewani. Halikushuka, wala halikuondoka. Alitaka kuinyakua ile simu aitupe barabarani, lakini alijizuia, akasubiri.

"Mama," Nesta alisema taratibu, "bado natamani. Unaona? Najua yote yaliyotokea, na bado natamani."

"Naona."

"Hilo nalo liandikwe."

Ferista alimwita Kasiani aje aandike. Nesta akapita kando ya utambi, akaingia kwenye kumbukumbu, na mashine ikaanza kutoa karatasi moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, kila moja na saa yake. Ya mwisho, ya saa tisa kasoro dakika sita alasiri: Usimwache Ruti gizani. Muuza duka, ambaye alikuwa akizipanga bila kusoma, alisoma hiyo. Akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha kingo kwa uangalifu mkubwa.

Ilikuwa saa nane na robo wakati gari jeupe liliposimama nje. Mtu aliyeshuka alivaa shati la kupiga pasi na viatu ambavyo havikuwa vimeona matope ya Vwawa. Ferista aliitambua sauti kabla hajajitambulisha. Mtu huyo alikuwa amempigia simu mara mbili wiki ile. Aliitwa Gasper, alitumwa na Pepea, na sokoni Tunduma walikuwa wamemwelekeza Vwawa.

"Mama Nesta, pole na safari. Na wewe Nesta, pole sana." Alisema pole vizuri, kama mtu anayeimaanisha, na huenda aliimaanisha. Aliwaomba wasogee kidogo chini ya paa la duka. "Sikuja kwa ugomvi. Ofisi imeguswa. Wako tayari kumpatia Nesta mguu wa bandia, ule mzuri unaokunja goti na kifundo, na kuubadilisha kila anapokua. Shule ya bweni mpaka amalize. Na tungependa awe balozi wetu wa usalama wa watoto mtandaoni. Atasafiri, atazungumza na watoto wenzake."

Alitoa hati ya kurasa nne. Ferista alisoma polepole, kwa kidole, kama Mama Tulinagwe alivyomfundisha. Ukurasa wa tatu ulisema familia haitatoa kiapo, wala ushahidi, wala maelezo popote, na kwamba ajali ilisababishwa na mafuriko.

"Wale wazazi wawili nao walisaini hii?"

"Siwezi kuzungumzia familia nyingine."

Ferista aliurudia ukurasa wa mguu. Mguu haukuwa jambo la kudharau. Kila asubuhi alimwona Nesta akirukaruka kutoka kitandani mpaka kwenye beseni, ameshika ukuta, na kila asubuhi alijiambia mwaka huu utapatikana, kwa njia yoyote. Njia yoyote ndiyo hii iliyokuwa imesimama mbele yake na shati safi. Alikaa kwenye ngazi ya duka. Hakuna aliyemhimiza, hata Mama Tulinagwe, ambaye alikuwa mlangoni na kitabu chake na alikuwa amesikia kila neno.

"Mguu ni wako," Ferista alimwambia binti yake hatimaye. "Sitakuamulia, na sitakulaumu."

Nesta alimtazama Gasper. "Nikiwa balozi, nitawaambia nini watoto?"

"Watumie kwa busara. Wapumzike. Wawashirikishe wazazi."

"Na mshumaa utakuwepo?"

"Mshumaa ni sehemu ya bidhaa."

"Na zile arifa za kusema mtu analia?"

Gasper alihamisha uzito kutoka kiatu kimoja kwenda kingine. "Nesta, hayo yanaamuliwa na watu walio mbali sana. Si kazi yangu."

"Basi nitakuwa nadanganya nikiwa na mguu mzuri," Nesta alisema. "Mama, twende ndani. Saa zinaenda."

Ferista alisimama. Alimrudishia Gasper hati yake, akiwa ameikunja vizuri. "Umesema si kazi yako kuuondoa mshumaa. Na mimi kusaini hii si kazi yangu. Safari njema, kaka."

"Mama, ofa hii inaisha leo saa tisa na nusu."

"Nimeshaona kila kitu kinaisha saa hiyo."

Ndani, Kasiani alimpa Biblia. Ferista aliishika kwa mkono wa kulia, akaapa kwamba yeye ni mama mzazi wa Nesta Namwinga, kwamba simu aliinunua yeye mwenyewe na hatalificha hilo, kwamba mtoto alikuwa na miaka kumi na tatu, na kwamba arifa kumi na moja zilizoambatanishwa zilimfikia mtoto huyo siku ile kabla hajaingia mtoni. Akaweka sahihi, akaweka na dole gumba, ingawa dole gumba halikuhitajika.

Karatasi zilipigwa picha, zikatumwa Mbeya, Goodness akaziingiza kwenye mfumo wa mahakama. Saa tisa na dakika ishirini na moja ujumbe ulirudi: Kimepokelewa.

Mama Tulinagwe alikifungua kitenge, akahakikisha kurasa zote ziko salama, akakifunga tena. "Nesta," alisema, "ukifika darasa la kusoma sheria, usiwe mvivu." Akapanda bajaji akarudi misheni na kitabu chake.

Walifika Tunduma saa kumi na moja, jua likiwa bado linapiga mabati ya soko. Ferista alikuwa anajifunga kanga akae mezani wakati Goodness alipopiga tena. Sauti ya wakili ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Wameshajibu, mama Nesta. Hawabishi tena kuhusu umri. Hawabishi kwamba arifa ni zao. Sasa wanasema mtoto mmoja si ushahidi wa tatizo. Jaji ameahirisha kwa siku ishirini na moja, na kanuni zinabaki zimesimamishwa mpaka hapo."

"Kwa hiyo mshumaa unaendelea."

"Unaendelea."

Ferista alitazama pembeni. Kwenye mabanda ya mitumba wasichana watatu waliovaa sare za shule ya msingi walikuwa wamebananisha vichwa juu ya simu moja. "Kwanza walisema hakuna hata mmoja," alisema. "Sasa wanasema mmoja hatoshi. Wakipata wangapi watatosheka?"

"Sheria haisemi idadi."

"Niambie wewe, si sheria."

Goodness alifikiri. "Wangefika kumi, ningepata usingizi."

Ferista alikata simu. Alichukua nakala ya kiapo chake, akaigeuza upande usioandikwa, akaomba kalamu kwa Eva. Hakupanda juu ya kitu chochote wala hakupaza sauti. Alianza na meza ya kwanza ya mstari wao, akauliza swali moja: una mtoto anayetumia Pepea?

Wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili alisema hataki mambo ya mahakama, mumewe ni mkali. Bamayo mmoja, mama kutoka Nakonde, aliyekuwa anauza mafuta ya kula, aliuliza kama na wa ng'ambo wanaandikwa. Ferista alisema hajui, akachukua namba yake ili amuulize wakili. Meza ya nne alikuwa Fides, muuza vitunguu, ambaye ndiye aliyeanzisha habari ya pesa za Wazungu. Ferista alimfikia kama alivyowafikia wengine.

"Wangu hajakatika mguu," Fides alisema bila kuinua uso kwenye vitunguu.

"Sijauliza mguu. Anapataje usingizi?"

Fides alimenya kitunguu, akamenya kingine ambacho hakikuhitaji kumenywa. Nesta alikuwa amesimama kando, amejiegemeza kwenye magongo.

"Hapati," Fides alisema. "Anaiweka chini ya mto. Muhula uliopita ameshika mkia, yeye aliyekuwa wa tatu. Nikampiga kwa fimbo ya mfagio. Nilidhani ni uvivu." Akafuta mikono kwenye aproni, mmoja, halafu wa pili. "Huko kwenye kuapa, nitalazimika kusema nilimpiga?"

"Mimi nimesema simu niliinunua mwenyewe. Utasema kilichotokea."

Watu wa meza za jirani walikuwa wameacha kuita wateja. Fides alivuta ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, akaisukuma kwa mguu kuelekea kwa Nesta ili akae, kisha akamgeukia Ferista.

"Fides Nakaonga," alisema. "Na ukimaliza hapo, mfuate yule wa magimbi. Ana wawili."